Mbwa Anayenuka Daima: Chanzo cha Harufu na Namna ya Kukitafuta

Tuchukue mfano wa mfugaji wa mjini Mpanda anayemwogesha mbwa wake Jumamosi asubuhi. Anatumia ndoo tatu za maji, sabuni ya mche na brashi, na jioni mbwa yule ananukia vizuri hata watoto wanamkaribia. Kufika Jumanne harufu mbaya imerudi. Jumamosi ya pili anaongeza sabuni, na ya tatu anaongeza mafuta ya taa. Mwezi unapokwisha ngozi ya mnyama imebabuka, amefungwa nyuma ya banda ili asiwakere wageni, na harufu ingali pale pale. Mwenye mbwa anahitimisha kwamba ndivyo mbwa walivyoumbwa.

Sivyo walivyoumbwa. Mbwa mwenye afya anayo harufu yake hafifu, ambayo huzidi anaponyeshewa mvua, lakini hanuki vibaya. Harufu mbaya irudiayo siku mbili tatu baada ya kuogeshwa ni dalili, kama homa ilivyo dalili, na sabuni haiwezi kuiondoa kwa kuwa haifiki mahali inapotoka. Makala haya yanakusudia kumsaidia msomaji kukitafuta chanzo chake, tena kwa kutumia vitu alivyo navyo: pua yake, macho yake, na mwanga wa jua.

Lugha yetu yenyewe ni chombo cha kwanza. Kiswahili hakikutosheka na neno moja la harufu mbaya. Harufu ya samaki tunaiita shombo au vumba. Ya kitu kilichooza au nguo iliyokaa na unyevu tunaiita uvundo. Ya jasho la mwili tunaiita kikwapa. Na togwa lililolala tunasema limechacha. Daktari wa mifugo akiambiwa kwamba mbwa ananuka tu, hapati la kushika. Akiambiwa kwamba ananuka shombo upande wa nyuma, au kwamba sikio la kushoto linanuka kama hamira iliyochacha, amekwisha kupata nusu ya jibu kabla hajamgusa mnyama.

Harufu ni nini

Kila harufu ni chembe ndogo mno za kemikali zilizoruka kutoka kwenye kitu na kuingia puani. Mwaka 1991 wanasayansi Linda Buck na Richard Axel wa Marekani walieleza jamii kubwa ya chembe za urithi zinazotengeneza vipokezi vya harufu ndani ya pua, na kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Binadamu anazo chembe za urithi za aina hiyo zifanyazo kazi zipatazo 400. Mbwa anazo karibu mara mbili ya hizo, na eneo la pua yake lenye kunusa ni kubwa kuliko letu mara nyingi. Kwa hiyo mbwa anayenuka anaijua harufu yake kabla yetu. Kujilamba mahali pamoja bila kuchoka, kutikisa kichwa, au kujiburuta kwa makalio mara nyingi ni kutuonyesha mahali penyewe.

Jambo jingine kuhusu pua lina manufaa zaidi kwetu. Pua ya binadamu huizoea harufu kwa muda wa dakika chache, na baada ya hapo haiihisi tena. Mtu aishiye na mbwa mwenye jino lililooza aghalabu ndiye wa mwisho kulijua. Anayetaka kumchunguza mbwa wake na afanye hivyo asubuhi, akitoka kwenye hewa safi, au amwombe jirani aliyekuja kutembea amsaidie. Jirani hataona haya kusema kweli.

Sehemu kubwa ya harufu mbaya ya wanyama hutokana na viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, yaani bakteria na kuvu. Viumbe hivi hula mafuta, seli zilizokufa, mabaki ya chakula na usaha, na takataka za ulaji wao ndizo zinazonuka: mafuta yaliyovunjwa hutoa asidi zenye uchachu, na protini iliyooza hutoa gesi zenye salfa kama ile ya yai bovu. Kwa hiyo swali la kujiuliza si sabuni gani itashinda harufu. Ni hili: viumbe hawa wamepata chakula na unyevu mahali gani katika mwili wa mnyama huyu?

Harufu iliyotoka nje

Kabla ya kudhani ugonjwa, ni haki kuondoa shaka kwamba mbwa amejipaka. Mbwa hupenda kujigaragaza juu ya vitu vilivyooza, na wanasayansi hawajakubaliana sababu yake. Katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, kama Karema na Ikola, mbwa hulala pale dagaa wanapoanikwa, na shombo lao halihitaji uchunguzi. Harufu ya namna hii huwa juu ya manyoya, mara nyingi shingoni na mabegani, na ikioshwa vizuri mara moja haina budi kwisha.

Vijiji vilivyo kando ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi vinahitaji tahadhari ya ziada. Wakati wa kiangazi viboko wa mto Katuma husongamana katika madimbwi machache yanayobaki, na mizoga si jambo la ajabu. Mbwa anayerudi nyumbani ananuka mzoga wa mnyama wa porini huenda ametuletea habari ya hatari. Mwaka 2004 viboko wengi walikufa kwa kimeta katika Hifadhi ya Queen Elizabeth nchini Uganda, na vijidudu vya ugonjwa huo huweza kukaa udongoni miaka mingi. Mbwa mwenyewe hustahimili kimeta kuliko ng'ombe, lakini manyoya yake yanaweza kubeba uchafu wa mzoga hadi mlangoni. Mbwa wa namna hiyo aogeshwe na mtu mzima aliyevaa glavu, mbali na kisima. Naye mwenye mbwa atoe taarifa kwa afisa mifugo au kwa askari wa hifadhi. Mzoga wa mnyama asiyejulikana kilichomwua usipasuliwe.

Namna ya kuogesha nayo ina kanuni zake. Ngozi ya mbwa haina uchachu kama ya binadamu: kipimo chake cha uchachu kinakaribia 7, chetu ni kama 5.5. Sabuni kali za kufulia huondoa mafuta yanayoikinga, nayo hukauka na kupasuka, na katika mipasuko hiyo bakteria hupata nyumba. Mbwa asiye mgonjwa anatosheka kuogeshwa mara moja kwa mwezi au hata chini ya hapo, kwa sabuni laini, na kusuuzwa mpaka maji yatoke bila povu hata kidogo. Sabuni iliyobaki mwilini ni mwanzo wa mwasho. Kisha akaushwe kwa kitambaa na kuachwa juani, kwa maana mbwa aliyelala na manyoya mabichi huvunda kama nguo. Gunia au blanketi analolalia nalo lifuliwe siku ile ile na kuanikwa juani. Wengi huogesha mbwa na kumrudisha kwenye gunia lile lile la mwaka jana, halafu hushangaa.

Baada ya hayo, subiri siku tatu. Ikiwa harufu imerudi, chanzo kimo mwilini.

Ngozi

Mpasulie mbwa manyoya kwa vidole mahali penye mikunjo na joto: kwapani, kinenani, kati ya vidole, chini ya shingo, chini ya mkia. Ukikuta ngozi nyekundu yenye mafuta, au imekuwa nene na nyeusi kama ngozi ya tembo, na harufu yake ni ya uchachu, mshukiwa wa kwanza ni hamira ya ngozi iitwayo kitaalamu Malassezia pachydermatis. Aliyeieleza kwanza, Weidman, mwaka 1925, aliipata kwenye ngozi ya kifaru wa Kihindi, lakini makazi yake ya kawaida ni ngozi na masikio ya mbwa. Hukaa humo bila madhara hadi unyevu, mafuta mengi au mwasho vinapoipa nafasi, ndipo huzaana kupita kiasi. Masika ya Katavi, ambayo kwa kawaida huanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili, ni majira yake.

Bakteria wa ngozi huleta vipele vyenye usaha na magamba ya duara, na harufu yake ni ya kuoza zaidi kuliko ya kuchacha. Aghalabu bakteria na hamira huja pamoja, na wote wawili hutanguliwa na kitu kingine kilichoanza kuichokoza ngozi: viroboto, kupe, au ukurutu uletwao na utitiri wachimbao ngozini. Asiyeondoa kilichotangulia atatibu hamira kila mwezi mpaka mbwa azeeke. Dawa ya kuoshea yenye klorheksidini ya asilimia 2 hadi 4, iliyotengenezwa kwa ajili ya wanyama, huwaua wote wawili, ila ni lazima ikae mwilini dakika 10 kabla ya kusuuzwa. Ikisuuzwa mara moja haifanyi kazi, na kosa hili ndilo huwafanya watu waseme dawa ni bandia.

Dawa zinazoua mbwa

Hapa mwandishi anaomba kusema kwa mkazo, maana mbwa wengi hawauawi na ugonjwa wa ngozi bali na tiba yake.

Mafuta ya taa huunguza ngozi, na mbwa anapojilamba humfika mdomoni na kuingia mapafuni. Oili chafu ya gari, ambayo baadhi ya watu huisifu kwa ukurutu, ina madini na masalia ya moto yenye sumu. Huziba ngozi, nayo hulambwa vile vile. Maji ya tumbaku yana nikotini, na nikotini hupenya ngozi. Mkoa unaolima tumbaku unapaswa kulijua hili kuliko mwingine, kwa kuwa hata wavunaji wa majani mabichi yaliyolowa umande huugua kwa sababu hiyo hiyo. Viuatilifu vya pamba havina nafasi kabisa juu ya mwili wa mnyama.

Dawa ya josho ndiyo yenye utata, kwa sababu ni dawa halali. Mwenye ng'ombe hubakiwa na maji ya josho, humwona mbwa wake amejaa kupe, na huona si vema kuyamwaga. Lakini mbwa ana mwili mdogo, hujilamba mwili mzima, na baadhi ya kemikali za josho, hasa zile za jamii ya fosforasi, huvuruga mishipa yake ya fahamu. Dalili ni kutokwa mate mengi, kutapika, kutetemeka, mboni za macho kuwa ndogo kama kichwa cha sindano, kisha kushindwa kupumua. Hali kadhalika sindano ya ivermektini ya ng'ombe: kipimo chake kwa mbwa ni kidogo sana, na kukisia kwa macho kumewaacha mbwa wengi wakiyumba na kupofuka.

Ikiwa jambo hilo limekwisha kutokea, mwoshe mbwa mara moja kwa maji mengi na sabuni laini huku umevaa glavu, mzuie asijilambe, usimlazimishe kutapika ikiwa amelamba mafuta ya taa, na umpeleke kwa daktari pamoja na chupa au lebo ya dawa iliyotumika. Lebo hiyo ni ya thamani kuliko maelezo marefu.

Masikio

Tundu la sikio la mbwa halikunyooka kama letu. Huteremka chini kwanza, kisha hupinda kuelekea ndani, na katika kona hiyo nta, maji na uchafu hutuama. Mbwa wetu wa kienyeji wenye masikio yaliyosimama hupata hewa ya kutosha humo. Wale walioletwa, wenye masikio marefu yaliyolala, huugua zaidi. Kuna wanaokata ncha za masikio wakidhani wanazuia ugonjwa. Hakuna wanachozuia, kwa kuwa ugonjwa uko ndani ya tundu wala si kwenye ncha.

Inua sikio juani, unuse, kisha tazama. Nta ya kahawia yenye harufu ya hamira ni ile ile kuvu ya ngozi. Usaha wa manjano au kijani wenye uvundo mkali ni bakteria, na huo ni mbaya zaidi. Uchafu mweusi mkavu mfano wa unga wa kahawa ni utitiri wa masikio, ambao huhama kutoka mbwa hadi mbwa na hadi paka. Ukimtibu mmoja peke yake utarudi. Sikio moja tu likiugua ghafla baada ya mbwa kupita kwenye nyasi ndefu, fikiria mbegu ya nyasi yenye ncha au kupe aliyeingia ndani.

Futa kile tu unachokiona, kwa pamba iliyolowekwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa. Kijiko kidogo kimoja cha chumvi kwa nusu lita ya maji chatosha. Usiingize kijiti, wala usimimine dawa usiyoijua, kwa sababu ngoma ya sikio ikiwa imetoboka, dawa hufika kwenye viungo vya ndani na mbwa aweza kuwa kiziwi. Mbwa anayeinamisha kichwa upande mmoja au kuzunguka amekwisha kufika hatua hiyo, na hafai kungojea Jumatatu.

Kinywa, na hatari yake

Kinywa kingekuwa mahali pa kwanza pa kutazama kama si jambo moja ambalo tutalifikia sasa hivi.

Mbwa mkubwa ana meno 42. Mate na mabaki ya chakula hujenga utando juu ya meno hayo, utando huvuta chumvi za mate na kuwa ukoga mgumu, na chini ya ukoga ufizi huvimba na kuoza. Harufu ya kinywa cha namna hiyo ni ya salfa na uozo. Ukoga uliokwisha kuwa jiwe hauondoki kwa kupigwa mswaki. Daktari huukwangua mbwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Utando laini waweza kuondolewa nyumbani kila siku kwa kitambaa kibichi kilichozungushwa kidoleni. Dawa ya meno ya binadamu isitumike, maana mbwa hawezi kuitema, na baadhi yake zina ksilitoli, sukari ambayo kwa mbwa ni sumu.

Harufu iliyoanza ghafla, pamoja na mate mengi na mbwa kujikwaruza usoni kwa mguu wa mbele, mara nyingi ni kipande cha mfupa kilichokwama kwenye kaakaa kati ya meno ya pande mbili. Mtu mwenye huruma hufungua kinywa na kuingiza vidole. Hapo ndipo ilipo hatari.

Mbwa aliyeshikwa na kichaa cha mbwa huweza kushindwa kufumba taya kwa kupooza, akatiririka mate, akashindwa kumeza, na akaonekana sawasawa na mbwa aliyekwamwa na mfupa. Si wote huwa wakali. Wapo wanaopoa na kutulia, wakajificha gizani. Virusi vya ugonjwa huo vimo katika mate, na hupita kwenye jeraha dogo la kidole bila hata mbwa kuuma. Dalili zikishaanza kwa binadamu, tiba ya kuaminika haipo. Karibu vifo vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu duniani hutokana na mbwa.

Kwa hiyo kanuni iwe hivi: mbwa asiye na kadi ya chanjo iliyo hai, au aliyebadilika tabia, au aliyeumwa na mbwa asiyejulikana katika miezi iliyopita, asifunguliwe kinywa na mtu wa nyumbani, hata awe ananuka namna gani. Afungiwe mahali salama bila kuguswa, na afisa mifugo aitwe. Aliyekwisha kuumwa au kupakwa mate kwenye jeraha aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, na siku hiyo hiyo aende hospitali kuanza chanjo. Louis Pasteur aliitumia chanjo hiyo kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1885, na ya siku hizi ni salama zaidi, ila faida yake ni kabla ya dalili.

Kuna harufu ya kinywa isiyotoka kinywani. Pumzi inayonuka kama mkojo, kwa mbwa mzee anayekunywa maji mengi na kukonda, hutoka katika figo zilizoshindwa kuchuja damu. Meno yake yaweza kuwa meupe kabisa.

Upande wa nyuma

Pande mbili za tundu la haja kubwa, chini kidogo, mbwa ana vifuko viwili vyenye majimaji ya kutia alama eneo lake. Kwa kawaida hujikamua anapokwenda haja. Vikiziba, mbwa hujiburuta chini, na shombo kali lisilofanana na kitu kingine hubaki kwenye mkeka. Daktari hukamua vifuko hivyo kwa dakika moja. Kukiwa na uvimbe mwekundu wa upande mmoja, hilo ni jipu na lisikamuliwe nyumbani.

Ugonjwa wa viungo vya uzazi unastahili maelezo marefu zaidi, kwa sababu katika nchi ambazo mbwa huzurura huru umeenea, na kwa sababu ya haya watu hawausemi. Dume anadondoka damu kidogo kidogo kwa majuma mengi. Jike ana uvimbe mwekundu ulio kama koliflawa, unaotokwa majimaji yenye uvundo. Hii ni saratani, tena ya ajabu, kwa sababu huambukiza. Mwaka 1876 mganga wa wanyama wa Urusi, Novinsky, alionyesha kwamba uvimbe huweza kupandikizwa kutoka mbwa mmoja hadi mwingine. Baadaye ilithibitishwa kwamba seli za uvimbe huu si za mbwa mgonjwa mwenyewe. Seli za kawaida za mbwa zina kromosomu 78, ilhali za uvimbe huu zina kati ya 57 na 64, na zote duniani zimetokana na mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Mwenyewe alikufa zamani. Seli zake zimeendelea kuhama kwa kujamiiana, na hata kwa kunusana na kulambana, ndiyo maana uvimbe huo hutokea pia puani, na mbwa akaanza kupiga chafya na kutoka damu pua moja.

Habari njema ni kwamba saratani hii hutibika kuliko nyingi. Sindano ya vinkristini, itolewayo mshipani kila juma kwa majuma kadhaa, huwaponya walio wengi. Dawa hiyo ni kali, nayo ikivuja nje ya mshipa huozesha nyama, kwa hiyo si kazi ya mtu wa nyumbani. Kuhasi dume na kuondoa mfuko wa uzazi wa jike, pamoja na ua ulio na lango, hupunguza sana maambukizo.

Kwa jike aliyetoka katika joto mwezi mmoja au miwili iliyopita, uchafu wenye harufu ukeni pamoja na kiu kingi na kukataa chakula ni ishara ya usaha katika mfuko wa uzazi. Huo ni ugonjwa wa dharura na aghalabu huhitaji upasuaji. Usaha ukiwa umezibiwa ndani harufu haipo kabisa, na hali huwa mbaya zaidi.

Vidonda vilivyofichika

Mbwa wachungao mifugo na kulinda mashamba huumizwa na ngiri, nyani, miiba na mbwa wenzao. Jeraha dogo hufunikwa na manyoya, nzi hutaga, na baada ya siku mbili mabuu yameanza kula. Harufu yake ni ya kuoza yenye utamu unaochefua. Kata manyoya kuzunguka jeraha, osha kwa maji ya chumvi tuliyoyataja, na toa mabuu moja moja kwa kibanio. Ikiwa daktari yuko mbali, asali mbichi safi, ambayo Inyonga haikosi, huzuia bakteria kwenye jeraha lililo wazi kwa siku hizo za kungoja, mradi lifungwe kitambaa safi ili nzi na mbwa mwenyewe wasiifikie. Asali isitiwe sikioni.

Ikiwa ngozi, masikio na vidonda vinaugua kwa zamu, na kila kinachopona hurudi, tatizo huenda ni damu. Misitu ya miombo ya Katavi ingali na ndorobo, nao huwaambukiza mbwa vijidudu vile vile vya jamii ya nagana: homa ya kupanda na kushuka, kukonda, uso kuvimba, na jicho kuingiwa na ukungu wa samawati. Kupe wa mbwa nao huleta magonjwa ya damu. Mwili ulioishiwa nguvu kwa namna hiyo hauwezi kuzuia hamira ya ngozi, na tone la damu chini ya hadubini laweza kueleza kilichoishinda sabuni mwaka mzima.

Kwenda kwa daktari

Tangu Mkoa wa Katavi ulipoanzishwa mwaka 2012 kwa kugawa Rukwa, huduma za mifugo ziko chini ya halmashauri zake, na kila moja ina wataalamu wa mifugo. Wengi wao wamezoea kuulizwa habari za ng'ombe na kuku. Mwenye mbwa asisite kwa sababu hiyo. Dawa za sindano zitolewe na mtu aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari.

Kabla ya kwenda, andika kwenye karatasi: harufu ilianza lini, ni shombo, uvundo au uchachu, ni sehemu gani ya mwili, kulia au kushoto, mbwa alichanjwa lini, na kila kitu alichopakwa, pamoja na kile unachoona haya kukitaja. Usimwogeshe siku hiyo wala jana yake, kwa kuwa daktari anahitaji kuinusa harufu yenyewe na kuchukua uchafu wa ngozi kwa ajili ya hadubini. Mfunge kamba na kifunga mdomo kilichoshonwa kwa kitambaa. Ukipewa dawa ya siku 14, hesabu siku 14, hata kama harufu imetoweka siku ya tano. Siku ya 15 asubuhi, kabla ya kumlisha, mwinue sikio lile lile juani na unuse tena.